Kukusanya Sarafu Ndogo Kabisa za Dunia: Mwongozo kwa Anayeanza Mombasa

Kila anayeuona mkusanyo wangu kwa mara ya kwanza huniuliza maswali matatu, na kwa kuwa maswali hayo hayabadiliki, nimeona afadhali niyajibu kwa maandishi: sarafu ndogo namna hii hupatikana wapi, huwekwa wapi zisipotee, na husafishwa kwa kitu gani. La tatu nalijibu hapa hapa, kwa kuwa ndilo lililoharibu sarafu nyingi kuliko mengine: hazisafishwi. Hayo mawili yaliyobaki yanahitaji utaratibu, na utaratibu huo ndio nitakaoueleza hatua kwa hatua, nikiuzingatia mji wetu wenyewe, kwa maana maelekezo aliyoandikiwa mtu wa nchi kavu yenye baridi hayamfai mtu ambaye kuta za nyumba yake hutoka jasho la chumvi.

Sarafu zipi ni ndogo

Kabla hujanunua chochote, jiwekee mpaka. Mimi nimejiwekea kipenyo cha milimita 16, na sarafu inayozidi hapo, hata kwa unywele, siipokei. Senti moja ya euro, yenye milimita 16.25, imebaki nje. Naya paisa ya India ya mwaka 1957, yenye milimita 16 kamili, imeingia. Waweza kuchagua mpaka mwingine, lakini uchague mmoja na uushike, kwani asiye na mpaka hujikuta baada ya mwaka ana kopo la chenji za mataifa, wala si mkusanyo.

Ndani ya mpaka huo kuna ngazi tatu. Ya kwanza ni chenji za juzi juzi, ambazo bei yake ni ndogo na hazikuumizi ukikosea: senti moja ya Afrika Kusini iliyotumika kuanzia mwaka 1990, yenye milimita 15 na gramu 1.5; fils moja ya Falme za Kiarabu, nayo ina milimita 15; senti 10 ya Uholanzi ya kabla ya euro; na kopeki moja ya Kisovieti, ambayo uzito wake ni gramu moja tu. Anza na hizi. Usikimbilie dhahabu wakati mkono wako haujazoea hata kukishika kibanio.

Ngazi ya pili ni sarafu za fedha na dhahabu za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Uholanzi ilikuwa na senti 5 ya fedha yenye milimita 12.5. Marekani ilitoa senti 3 ya fedha mwaka 1851, milimita 14 na gramu 0.8, na dola ya dhahabu ya mwaka 1849 yenye milimita 13, ambayo kwa kipenyo ndiyo sarafu ndogo kuliko zote walizowahi kutoa. Panama ilitoa mwaka 1904 sentesimo mbili na nusu, kipande cha fedha chenye milimita 10 ambacho watu hukiita kidonge, na ukikiweka kiganjani utaona jina hilo linakistahili. Uingereza ina peni ya fedha ya Maundy, ambayo mfalme au malkia huwapa wazee siku ya Alhamisi Kuu. Kipenyo chake ni milimita 11, sawa na kifungo cha shati. Na hapa kwetu ipo moja ambayo kila mkusanyaji wa Mombasa anapaswa kuitafuta: anna mbili ya fedha ya mwaka 1890, iliyotolewa na Imperial British East Africa Company ikiwa na jina la Mombasa. Rupia ilikuwa na anna 16, kwa hiyo anna mbili ni thumuni yake, yaani sehemu ya nane, na uzito wake ni kama gramu 1.46.

Ngazi ya tatu ndiyo iliyonivuta mimi: fanamu na chakramu za kusini mwa India. Fanamu ni kipande cha dhahabu, mara nyingi dhahabu iliyochanganywa, chenye milimita 7 au 8 na uzito wa gramu 0.35 hadi 0.4, ifikirie mbegu ya papai iliyobanwa ikawa bapa. Ilitumika katika pwani ile ile ya Malabar iliyofanya biashara na pwani yetu kwa majahazi. Chakramu ya Travancore, ufalme wa zamani wa huko huko kusini mwa India, ni ya fedha na ni ndogo vivyo hivyo. Chakramu nne zilifanya fanamu moja, na fanamu saba zikafanya rupia, ukapata chakramu 28 kwa rupia. Kuhesabu vitu hivi kwa vidole ni adhabu, ndiyo maana makarani wa huko walikuwa na ubao wenye vishimo vidogo vilivyopangwa safu: hutupia konzi la sarafu juu ya ubao, huutikisa, kila kishimo hukamata sarafu moja, zinazobaki juu hupanguswa, na idadi hujulikana bila kuhesabu. Nimejitengenezea ubao kama huo wa vishimo 50 kwa fundi seremala, na naupenda karibu sawa na sarafu zenyewe.

Zipo ndogo kuliko hizo. Nepal katika karne ya 18 ilikuwa na robo ya jawa, kigamba cha fedha chenye uzito wa takriban gramu 0.002. Uswisi ilitoa mwaka 2020 robo faranga ya dhahabu yenye milimita 2.96 na gramu 0.063, vipande 999 tu, kila kimoja ndani ya kasha lenye lenzi yake. Hizo zijue tu kwa sasa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Sinia lenye ukingo, lililotandikwa kitambaa kizito cha rangi moja. Cheusi kinafaa kwa sarafu za fedha, cheupe kwa za shaba.
- Kibanio cha plastiki chenye ncha butu. Kibanio cha chuma cha kung'olea nywele kitachora sarafu, au kitairusha.
- Lenzi ya sonara inayokuza mara 10.
- Mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01. Mizani ya jikoni haifai kabisa, kwa sababu kwake fanamu ni sifuri.
- Rula ya plastiki na karatasi ya grafu ile wanayotumia wanafunzi.
- Kadi za mraba za kuhifadhia sarafu, zenye dirisha dogo la plastiki isiyo na PVC (aina ya plastiki laini inayoharibu sarafu).
- Kopo au mtungi wa kioo unaofunga kabisa, pamoja na vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na ya simu.
- Tochi, na daftari la mistari.

Albamu za plastiki laini zinazonukia kama pazia jipya la bafuni uziache dukani. Harufu hiyo ni ya PVC, na kwa joto letu plastiki hiyo hutoa ute wa kijani unaokula shaba na fedha. Nilipoteza sarafu kumi na moja kwa njia hiyo katika mwaka wangu wa kwanza, na albamu nilikuwa nimeinunua kwa bei kubwa nikidhani nazitunza.

Hatua kwa hatua

1. Andaa mahali pa kazi. Zima pangaboi, funga dirisha la upande wa upepo, kunja mkeka, halafu uweke sinia juu ya meza. Kila unalolifanya kwa sarafu ndogo lifanyike ndani ya sinia, wala si kiganjani wala ukingoni mwa meza. Mkeka nautaja makusudi. Fanamu yangu ya kwanza iliniponyoka ikaanguka juu ya mkeka wa miyaa, ikasimama wima kati ya shupatu mbili pale zilipoungwa, na kwa siku nne tulipita juu yake nyumba nzima. Niliipata usiku umeme ulipokatika: nililaza tochi sakafuni, mwanga ukatambaa juu ya mkeka, na kitu kisichofikia punje ya mchele kikatoa kivuli kirefu kama kidole. Tangu siku hiyo mkeka hukunjwa kwanza.

2. Tafuta sarafu kwa njia halali, ukianzia karibu. Watu wa Kilindini wanaohudumia meli huachiwa chenji ambazo hakuna duka la kubadilishia fedha linalozipokea. Waombe, na mara nyingi watakupa kwa bei ya chai. Jamaa walioko Ghuba au Ulaya waambie wasitupe vile vidogo vilivyobaki mifukoni. Familia zenye asili ya Kachi na Gujarati mara nyingi zina kopo la naya paisa zilizokuja na babu. Masonara wa Mji wa Kale na wa Barabara ya Biashara huletewa vipande vya fedha vya kuyeyushwa, na humo huwa mna sarafu. Fanya urafiki nao na uwaombe wakuite kabla moto haujawashwa.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu jambo hili ni zito. Sarafu iliyookotwa au kuchimbwa katika magofu usiinunue na usiichukue, iwe Gede, Jumba la Mtwana, au kiwanja cha jirani yako. Pwani yetu ilikuwa na sarafu zake ndogo karne nyingi kabla ya Wareno: masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye majina yao, magofu ya Shanga, kisiwani Pate, yametoa vipande vidogo mno vya fedha vyenye majina kama Muhammad na Abdallah, na huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 iligunduliwa akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Thamani ya kipande kama hicho iko katika tabaka la udongo kilimolala, kwani ndilo linalowaambia wataalamu kililala na nini na tangu lini. Kikishaingia mfukoni mwako, hata uwe na nia njema kiasi gani, habari hiyo imepotea na hairudi. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa mambo ya kale kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kukitoa nchini bila kibali ni kosa. Hata anna mbili ya 1890 iliyotumika hapa imo. Ukiokota sarafu shambani au ufukweni, iache palipo, piga picha ya mahali, na upeleke habari Makumbusho ya Fort Jesus.

3. Kagua kabla ya kulipa. Iweke sarafu juu ya kitambaa, uizungushe kwa kibanio chini ya lenzi, na utafute mambo matatu. Kwanza, alama ya kitanzi: sarafu nyingi ndogo zilitiwa kwenye mikufu na vidani, kisha kitanzi kikaondolewa, na mahali palipochomewa hubaki uvimbe au doa la rangi tofauti kwenye ukingo. Sarafu ya namna hiyo si bandia, ila bei yake ishuke. Pili, tundu lililozibwa. Tatu, uso wenye vinukta kama ngozi ya chungwa, ambao ni dalili ya kumiminwa kwenye kalibu badala ya kupigwa kwa muhuri.

Fanamu za bandia za shaba ya njano ni nyingi. Ya kwangu ya kwanza ya bandia niliiuziwa na mtu mwenye maneno matamu aliyekuwa na hadithi ndefu ya bibi yake, na nilisikiliza hadithi badala ya kuuliza uzito. Vivyo hivyo kuna vipande vidogo vya rangi ya dhahabu vinavyodaiwa kuwa sarafu za California za zama za wachimba dhahabu: zile za kweli zimeandikwa thamani yake, kama nusu dola au robo dola, ilhali vyenye picha ya dubu na visivyo na thamani yoyote ni kumbukumbu za watalii. Na usichanganye sarafu zilizotumika na vipande vya kisasa vya dhahabu vya nusu gramu, vyenye milimita 11, ambavyo nchi mbalimbali huvitoa kwa ajili ya wakusanyaji. Si bandia, lakini havijawahi kununua hata andazi.

Sonara akikupendekezea kuijaribu dhahabu kwa jiwe au kwa tindikali, mshukuru na ukatae. Mkwaruzo ambao kwenye bangili hauonekani, kwenye fanamu ni jeraha la uso mzima.

4. Pima uzito. Weka mizani mahali tambarare pasipo na upepo, weka juu yake kipande kidogo cha karatasi, rudisha kwenye sifuri, kisha ushushe sarafu kwa kibanio. Pima mara tatu na uandike zote tatu. Mizani ya gramu 0.01 ikikupa 0.36, 0.37 na 0.36, uko sawa; ikikupa 0.31 na 0.40, kuna upepo au betri imechoka. Sarafu ya chini ya gramu 0.1 usiisumbukie kwa mizani hii, mpelekee sonara mwenye mizani ya gramu 0.001. Ukiwa na sarafu kumi za aina moja, zipime pamoja ugawanye kwa kumi, ila kumbuka kuwa wastani huo utaificha moja ya bandia iliyojichanganya humo.

Uzito ndio shahidi wako mkuu. Shaba ya njano ni nyepesi kiasi cha nusu ya dhahabu kwa ukubwa ule ule, kwa hiyo fanamu yenye kipenyo na unene sahihi lakini gramu 0.2 imejitaja yenyewe.

5. Pima kipenyo bila kuibana. Taya za chuma za kipimio hukunja dhahabu nyembamba. Iweke sarafu juu ya karatasi ya grafu, weka rula kando yake, na upige picha ya simu kutoka juu kabisa, simu ikiwa sambamba na meza. Kisha ikuze picha na uhesabu. Sarafu zisizo duara zipime kwa urefu na kwa upana. Mfano mzuri ni kopeki za Urusi za kabla ya mwaka 1718, ambazo zilikatwa kutoka kwenye waya wa fedha, zikagongwa bapa na kupigwa muhuri, hata Warusi wakaziita magamba. Mtu aliyewahi kupaa samaki hahitaji maelezo zaidi: zina umbo la mviringo mrefu, mara nyingi zina nusu tu ya maandishi, na hakuna mbili zinazofanana.

6. Soma mwaka. Waliopita chuo cha Kurani wana faida hapa, kwa kuwa tarakimu za Kiarabu hutokea kwenye sarafu nyingi za Ghuba, za Uturuki ya kale, na za tawala za Kiislamu za India. Mwaka wa Hijria uzidishe kwa 0.97 kisha ujumlishe 622. Pesa ya shaba ya Mombasa yenye mwaka 1306 itakupa 1888, ambao nao umeandikwa juu yake, kwa hiyo jizoeze na hiyo (ni kubwa kupita mpaka wetu, lakini ni mwalimu mzuri). Sarafu za Nepal zenye mwaka wa Bikram uzipunguzie 57, na za Thailand zenye mwaka wa Kibuddha uzipunguzie 543.

7. Andika kabla hujahifadhi. Sarafu yenye milimita 8 huwezi kuitambua mwezi ujao kwa kuikumbuka, zote zitafanana. Katika daftari ipe namba, kisha uandike nchi, thamani, mwaka, madini, uzito, kipenyo, alama za pekee, ulipoipata, siku, na bei uliyolipa. Ingizo langu moja liko hivi: «Na. 34. Travancore, chakramu, fedha. Gramu 0.37. Milimita 6.5 kwa 7. Ukingo umechanika kidogo saa mbili. Kutoka kwa sonara, Mji wa Kale, pamoja na vipande vya bangili.» Neno «saa mbili» maana yake ni kwamba mchaniko uko penye tarakimu 2 ukiifikiria sarafu kama uso wa saa. Siku sarafu mbili zikichanganyika, mchaniko huo ndio utakaozitenganisha.

8. Itie ndani ya kadi. Chagua dirisha dogo kuliko yote, kwani ndani ya dirisha kubwa sarafu huteleza na kusuguliwa. Ikunje kadi, ibane kwa pini za stepla pande tatu zilizo wazi, kisha uzibapaze pini hizo kwa koleo, maana pini iliyoinuka huchora sarafu ya kadi ya jirani. Andika namba ya daftari kwenye kadi kabla ya kuitia sarafu, wala usiandike sarafu ikiwa ndani. Sarafu za chini ya milimita 8 hupenya kwenye mkunjo wa kadi; hizo zitie kwanza kwenye kifuko kidogo cha karatasi isiyo na asidi, kisha kifuko ndicho kiingie kadini.

9. Zikinge na hewa ya Mombasa. Panga kadi ndani ya kopo lisilopitisha hewa, tia vipakiti vya silika, funga, na uliweke kopo kwenye chumba kisicho na jiko wala bafu. Visiwepo humo mipira ya kufungia noti, kwa kuwa mpira una salfa na salfa huitia fedha weusi. Wala nafthalini ya kabati la nguo. Na chumba kinachofukizwa udi au ubani kila Ijumaa si chumba cha kufungulia kopo siku hiyo, kwani moshi huo mzuri huacha utando wa mafuta juu ya kila kitu, na kwenye sarafu utando huo hushika vumbi na chumvi.

10. Kagua mara mbili kwa mwaka: mara moja masika yakishaisha, na mara moja kabla ya vuli. Silika yenye chembe za rangi hubadilika ikishiba unyevu, ya buluu ikawa waridi na ya chungwa ikawa kijani. Ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili au ununue nyingine. Kuianika juani hapa kwetu hakutoshi, hewa yenyewe ina maji.

Shida zinazojitokeza

Sarafu imedondoka na haionekani. Usitembee, usifagie, na usiinue mguu kabla ya kutazama chini ya unyayo. Zima taa, laza tochi sakafuni, na uusogeze mwanga polepole kutoka ukutani kuelekea katikati. Kagua pindo la suruali au la leso, kisha nyayo za ndara za kila aliyekuwemo chumbani.

Fedha imekuwa nyeusi. Iache. Weusi ulio sawa uso mzima ni ngozi ya sarafu na unailinda. Ndimu, majivu, dawa ya meno na magadi huondoa weusi pamoja na fedha yenyewe, na sarafu ya gramu 0.4 haina fedha ya kupoteza. Mkusanyaji yeyote mzoefu ataona kwa lenzi kuwa imesuguliwa.

Kuna ute wa kijani unaonata. Huo ni wa PVC, nao ndio pekee ninaoruhusu kuondolewa. Nunua asetoni halisi kwa mwuza kemikali, si dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato na mafuta. Imimine kwenye bilauri ya kioo, mahali penye hewa na mbali kabisa na jiko au sigara, kwa maana hulipuka moto upesi, na uiloweke sarafu dakika kumi bila kuisugua. Itoe, iache ikauke juu ya kitambaa. Usiisuuze kwa maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi za kisiwa hiki yana chumvi. Ukilazimika kusuuza, tumia maji yaliyotoneshwa yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya betri, na usome lebo mara mbili, kwa sababu kando yake huuzwa pia tindikali ya betri katika chupa inayofanana.

Kuna unga wa kijani mkavu juu ya shaba. Hiyo ni kutu ya chumvi, na huambukiza. Itenge sarafu hiyo kwenye kopo lake lenye silika mpya, na usiirudishe kwa wenzake mpaka umalize msimu mzima wa mvua bila unga kuongezeka.

Uzito haulingani na ule wa vitabu. Tofauti ndogo kwa sarafu iliyotumika sana, au iliyopunguzwa ukingo na watu wa zamani walioiba fedha kwa makasi, ni ya kawaida. Ikizidi sehemu ya kumi, rudi hatua ya tatu. Jaribu pia sumaku, ukiwa umeizungushia karatasi: fedha, dhahabu na shaba havivutwi, lakini senti ya Afrika Kusini ya miaka ya 1990, ambayo ni chuma kilichopakwa shaba, itaruka. Bila karatasi ingejigonga kwenye sumaku na kupata alama.

Maandishi hayasomeki hata kwa lenzi. Uzime mwanga wa juu na uulete kutoka ubavuni, ukiizungusha sarafu robo kwa robo na kupiga picha kila robo. Herufi ambazo hazikuonekana upande mmoja huinuka upande mwingine.

Sarafu imepinda. Usiinyooshe. Fedha ya zamani iliyobeba karne mbili hukatika kama biskuti, na ukiibonyeza kati ya kucha mbili utabaki na vipande viwili vya namba moja ya daftari. Itafutie kikasha cha duara cha plastiki ngumu chenye kina cha kutosha na uihifadhi ilivyo.

Bahasha imefika ikiwa tupu. Sarafu ndogo iliyowekwa peke yake hutoboa bahasha pale inapopita kwenye mitambo ya posta. Mwambie anayekutumia aitie kwenye kadi, aibane kadi hiyo kwa utepe kati ya vipande viwili vya boksi bila gundi kuigusa sarafu, atumie bahasha mbili, na aitume kwa rejista. Na wewe, unapoifungua, ifungulie ndani ya sinia.